Atomu juu ya meza ya jikoni

Simu ninazopokea kutoka Louisville na Buffalo, na hata hapa kwetu Columbus, zina swali moja. Mtoto aliyekuwa akiongoza hesabu kambini Nyarugusu amefika darasa la kemia la Marekani, na amenyamaza. Mwalimu anataja protoni, nyutroni na elektroni, mtoto anaitikia kwa kichwa, mtihani unarudi na alama za chini. Hasara yake ni kubwa. Asiyefaulu kemia hujikuta mbali na uuguzi, ufamasia na uhandisi, na watu huanza kusema hana akili, kumbe amekosa Kiingereza tu.

Mimi husaidia watoto kazi za shule siku za Jumamosi. Nimeona kwamba somo la atomu ni la kuhesabu na kupanga vitu, na vitu hivyo viko jikoni.

Anza na kiini. Weka sahani, maharage mekundu na choroko. Haragwe ni protoni, choroko ni nyutroni. Maharage 6 na choroko 6 ni kaboni-12. Ongeza choroko 2: bado ni kaboni, ila sasa ni kaboni-14. Ongeza haragwe 1: kaboni imekwisha, hiyo ni naitrojeni. Mtoto ameshika kanuni kuu kwa mikono yake: elementi hutambulika kwa idadi ya protoni.

Kisha elektroni. Hapa leteni bao la kete. Lina safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, na elementi 20 za kwanza zinaenea humo. Kila shimo kete moja. Safu ya kwanza tumia mashimo 2 tu, ya pili 8, ya tatu 8, ya nne 2. Ukifika kete 20 umefika kalisi. Asiye na bao achore mashimo kwenye karatasi.

Sasa mtoto mmoja apange sodiamu: 2, 8, 1. Nduguye apange klorini: 2, 8, 7. Waulize nani ampe mwenzake nini ili safu ya nje ya kila mmoja ibaki imejaa. Watajibu wenyewe: sodiamu itoe ile kete moja. Mwonyesheni kopo la chumvi, maana ndiyo hiyo. Mipangilio hii hii, 2-8-1 na 2-8-7, imewahi kuwamo kwenye jedwali la elementi walilopewa wanafunzi katika mtihani wa jimbo la New York.

Mchezo wa tatu ni wa gololi. Ficha bakuli chini ya kipande cha boksi kilichoinuliwa kidogo. Mtoto avingirishe gololi kutoka pande zote, atazame zinazopita na zinazorudi, kisha achore kilichofichwa. Mwaka 1909 huko Manchester, Geiger na Marsden walirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zilipita, chache zikarudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akaeleza kwamba atomu ina kiini kidogo mno. Atomu ingekuwa na upana wa kilomita 1, kiini kingekuwa kama haragwe.

Mwambieni mtoto pia kwamba bao ni mfano tu. Elektroni haitulii shimoni kama kete. Ramani ya Louisville hukufikisha mjini, lakini si mji wenyewe.

La mwisho ni lugha. Mwache aeleze kwanza kwa Kiswahili, mbele yako, ndipo apachike maneno ya Kiingereza. Mzazi ambaye hukusoma kemia, kazi yako ni kuuliza "kwa nini?" mpaka aeleweke. Tuna msamiati: TUKI ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Na mkiitwa shuleni, ombeni mkalimani. Sheria ya Marekani inaitaka shule, pale inapowezekana, izungumze na mzazi kwa lugha anayoielewa; nanyi msikubali mtoto ageuzwe mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

Jumamosi hii, kabla ya kupika maharage, yahesabuni kwanza.