Taa za Kigari cha Bi Mkubwa



Juma hili tumepokea barua kutoka Nyeri, kwa dada yetu aliyeolewa huko bara. Mavyaa wake hawezi tena kupanda kilima kwa miguu kwenda darsa ya kina mama baada ya Magharibi, basi wanawe wakamnunulia kigari cha umeme kilichokwisha tumika, cha namna ile ya viwanja vya gofu. Kigari hakikuwa na taa, na ukungu wa huko unapotanda mtu haoni hatua tano mbele. Akaitwa fundi wa magari, akafunga taa mbele na nyuma. Siku ya nne moshi ukafuka chini ya kiti, naye Bi Mkubwa amekaa juu yake. Alhamdulillahi, aliteremshwa salama. Dada yetu anauliza kosa liko wapi.

Kwa alivyotueleza, fundi alikifunga kigari kama gari la petroli. Katika gari la petroli ncha hasi ya betri hufungwa kwenye bodi, ndiyo maana taa huhitaji waya mmoja tu. Umeme hurudi betrini kwa kupitia chuma. Kigari cha gofu sivyo. Betri zake, huenda ni sita za volti 8 au nne za volti 12, huungwa mfululizo hadi zikatimia volti 48, na kwa kawaida fremu haiungwi na upande wowote wa umeme huo. Hiyo ni hifadhi: waya mmoja ukichubuka ukagusa fremu, umeme hauna njia ya kurudi. Fundi akifunga waya mweusi wa taa kwenye fremu, taa haiwaki. Akiiunga fremu na ncha hasi ili iwake, kama alivyofanya huyu, ameiondoa hifadhi yenyewe. Tangu hapo waya chanya wowote ukichubuka hupiga cheche, na betri hizo zina nguvu ya kuyeyusha waya.

Tena aliuchota umeme wa taa katika betri moja peke yake. Betri hiyo hupungua kuliko wenzake, na chaja, ambayo huzijaza zote kwa pamoja, haitambui tofauti. Moja hubaki na njaa, nyingine huvimbiwa. Betri ni ghali, na hasara hii haionekani mpaka imekwisha kutokea.

Dada, mwambie mumeo atafute kipunguza volti, kinachopokea volti 48 za betri zote na kutoa 12. Fyuzi iwe karibu na betri. Kila taa iwe na nyaya mbili, na ule wa kurudi uishie kwenye kipunguza volti, usiguse fremu. Ule aliounga fundi baina ya fremu na betri uondolewe kwanza kabisa. Atakayeshika kazi avue pete na saa, nawe uvue bangili ukimsaidia, maana chuma kikikutanisha ncha mbili za betri huwa moto papo hapo. Betri za maji zinapochajiwa hutoa hewa inayowaka, kwa hiyo chetezo cha udi kikae mbali na chumba hicho.

Na mpaka kazi imalizike, tunawaomba kina mama wa darsa wahamie nyumbani kwa Bi Mkubwa.