Dang'a Haingoji Mapambazuko

Wapo watakaoshangaa kumwona mwalimu wa isimu akiandika juu ya ndama. Lakini ndama aliyenifia nyumbani, Nyandarua, naamini aliuawa kwa kiasi fulani na upungufu wa neno.

Ng'ombe alizaa saa tatu usiku. Nilikuwa nimemwagiza kijana anitunziaye mifugo kwamba ndama apewe "maziwa ya kwanza". Naye alipokamua akaona kitu kizito cha manjano, akakimwaga kwa kudhani ni uchafu. Asubuhi akamnywesha ndama mkamuo uliofuata, ambao kwake ndio hasa uliokuwa maziwa ya kwanza. Simlaumu. Siku ya sita ndama aliharisha. Siku ya nane tulimzika.

Kitu alichokimwaga kina jina katika Kiswahili: dang'a. Limo kamusini. Hata hivyo mwanafunzi wetu husoma Kilimo kwa Kiingereza, akapata alama zote katika swali hilo, kisha akifika nyumbani hana la kumwambia mtu aliyeshika ndoo.

Na la kuambiwa si dogo. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili za mama, hivyo ndama huzaliwa karibu mtupu. Matumbo yake huzipokea kutoka katika dang'a kwa saa chache tu. Kila saa ipitayo mlango huo huzidi kujifunga, na baada ya saa 24 hivi umekwisha fungika. Ndama wa kilo 40 anahitaji lita 4 hivi, na heri azipate ndani ya saa 2 za mwanzo.

Tena dang'a hazilingani. Ya mkamuo wa kwanza ndiyo yenye kinga nyingi; ya pili imekwisha pungua mno. Ng'ombe anayevujisha maziwa kabla ya kuzaa hubaki na hafifu. Rangi nayo hudanganya; wenye kipimo cha Brix hutafuta asilimia 22 au zaidi. Ndoo chafu huitia vijidudu, na kuichemsha (nimeyaona hayo pia!) ni kuiua kinga yenyewe.

Walimu wenzangu wa Kilimo, mtakapofika mada hii, liandikeni neno hilo ubaoni, na kando yake saa.

Ng'ombe wangu atazaa tena mwezi ujao. Kijana ameninunulishia tochi.