Mkono wa Askari wa Lango si Chuma

Mpe mkono askari wa lango aliyekaa kazini miaka mingi, uone. Atakunyooshea ngumi mgonganishe. Wageni hudhani hayo ni mabaki ya siku za korona. Kwa wenzangu ninaowajua, sababu ni kifundo cha mkono wa kulia ambacho hakitaki tena kukamatwa na mtu.

Mimi ni askari wa kike katika jengo moja la ofisi hapa Nairobi, mzaliwa wa Kanyangi, upande ule wa Kitui ambako ukiuvuka mto Athi unajikuta Makueni. Kazi yangu mnaijua nyote: inua mikono mama, geuka, fungua mkoba, asante, karibu. Tangu jengo la maduka la Westgate liliposhambuliwa Septemba 2013, na zaidi baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 Januari 2019, ni vigumu kuingia duka kubwa la mjini bila kupepeswa na kile kifaa cheusi cha kugundua chuma, sisi tunakiita detekta. Kama kinamzuia gaidi au hakimzuii, mabishano hayo nawaachia wenye vyeo. Langu ni mkono unaokishika, maana sijawahi kuusoma gazetini.

Detekta nyingi za mkononi zina uzito wa kati ya gramu 400 na 500. Ukiishika dakika mbili utacheka ukiambiwa inaumiza. Sasa piga hesabu. Mtu mmoja anapitishiwa mbele, nyuma na kila ubavu, hiyo ni mipepeso minne. Watu mia tano wakiingia asubuhi, na hilo si jengo kubwa, mipepeso ni elfu mbili kabla ya chai. Amri ya serikali ya mishahara ya walinzi inataja saa 52 kwa wiki, lakini nani hajui kwamba langoni zamu ni ya saa kumi na mbili? Na mipepeso yote hiyo mkono ni mmoja, ule wa kulia, kwa sababu wa kushoto unashika mkoba wa mgeni.

Kinachoumiza si uzito peke yake. Tunashika mpini kwa nguvu kama tunaogopa kunyang'anywa, kidole gumba kimekaza kwenye swichi, halafu tunazungusha kifundo huku na huku, kiwiko kimeganda ubavuni. Kano za gumba hupita kifundoni ndani ya ala nyembamba. Zikisuguliwa mchana kutwa, ala inavimba na njia inakuwa finyu. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1895, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kujipima ni rahisi: kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu upande wa kidole cha mwisho. Ukiruka kwa maumivu pale chini ya gumba, shaka kubwa ni hiyo.

Kuna na ule mwingine, wa ganzi. Neva inabanwa katikati ya kifundo, basi gumba, kidole cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku, mpaka unaamka unakung'uta mkono. Mwenzangu mmoja alifikiri amerogwa. Alikwisha kununua bangili ya shaba na hirizi kabla hajamwona daktari, na bangili yenyewe ilikuwa inambana palepale panapouma.

Magonjwa haya mawili yamo katika orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, ile iliyorekebishwa mwaka 2010, na orodha inasema wazi kwamba yanaletwa na kurudiarudia mwendo uleule kwa nguvu. Kenya nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri aifanye kazi na vifaa vimfae mfanyakazi. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, nayo inahesabu ugonjwa unaotokana na kazi pamoja na ajali. Lakini nenda kamwambie msimamizi kifundo kinauma. Atakuuliza ulianguka wapi. Ukisema hukuanguka popote, anakushauri ununue mafuta ya kuchulia.

Ulaya wameandika kanuni kwamba anayetazama picha za eksirei za mizigo uwanja wa ndege asikodoe macho zaidi ya dakika 20 mfululizo, kisha apewe angalau dakika 10 za shughuli nyingine. Waliona kwamba jicho lililochoka halioni kisu. Mkono uliochoka nao unapepesa hewa. Najua, maana saa kumi jioni nimewaona askari wakimpitishia mtu kifaa kwa umbali ambao hata panga lisingelia. Mwenye jengo asiyejali afya ya askari basi ajali hilo.

Tazameni pia wanaotafuta dhahabu. Kule Dabel karibu na Moyale, kabla serikali haijayafunga machimbo ya Hillo mwaka 2024, na hadi leo kule Turkana, wapo vijana wanaozunguka na detekta za mpini mrefu. Baadhi ya mashine hizo zina zaidi ya kilo 3. Lakini zina egemeo la kuulaza mkono kutoka kiwikoni, na zile nzito huja na mkanda wa begani unaobeba uzito. Aliyezitengeneza alijua kifundo hakiwezi. Ile yetu ya langoni imetengenezwa kwa kumkagua mtu mara mojamoja, yule ambaye mlango wa kugundua chuma umekwisha kumlilia. Sisi hatuna huo mlango, basi kifaa cha mara mojamoja kimekuwa jembe la kulimia shamba zima.

Likizo yangu huiomba ndengu zinapokauka, Januari au Februari, nikasaidie kuvuna. Mwaka huu nilishindwa kushika mchi. Mwaitu, mama yangu, alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi, nikampokea, baada ya muda mfupi nikauachia. Hakunipa pole. Aliniambia, "Wewe unatwanga na kiganja. Nani alikufundisha?" Nikamtazama vizuri. Mchi unapanda kwa bega na mgongo, na kifundo kimenyooka tu, hakifanyi kazi yoyote. Ukifika juu anaulegeza, unashuka kwa uzito wake mwenyewe. Kila baada ya mapigo machache anabadilisha mkono bila kufikiri, na akichoka anamwita jirani. Ametwanga maisha yake yote na vifundo vyake ni vizima kuliko vyangu.

Niliporudi langoni nilianza kupepesa hivyo. Kifundo kimenyooka sawa na mkono, mwendo unatoka begani na kiwikoni, mpini umeshikwa kwa ulegevu, kwa nguvu za kutosha tu usianguke. Nusu ya watu nawapitisha kwa mkono wa kushoto. Siku za kwanza wageni walinitazama kama mlevi, sasa wamezoea. Kwa miguu nachuchumaa kidogo badala ya kukipinda kifundo kuelekea chini. Na mkoba hauna sababu ya kushikwa nami. Naomba mwenyewe auweke mezani aufungue.

Kwa maumivu yaliyokwisha kuanza, dawa ya kwanza ni kuupumzisha mkono, na hii ndiyo tusiyopewa. Kitambaa chenye barafu juu ya kifundo dakika kumi au kumi na tano kinasaidia kupunguza uvimbe. Kijijini kusiko na friji, maji baridi ya mtungi ni afadhali ya kukosa. Kwa ganzi ya usiku kuna kishikizo cha kufunga mkono, kinachokinyoosha kifundo ukilala, na kwa wengi kinaleta nafuu. Kuchuliwa kwa nguvu mahali palipovimba ni kuongeza msuguano juu ya msuguano. Ninachokiogopa zaidi ni vile vidonge vya diklofenaki vinavyouzwa kama peremende: ukivimeza wiki baada ya wiki bila daktari, vinakula tumbo na kuumiza figo, na mkono unaendelea kuharibika chini ya utulivu wa uongo. Ukianza kuangusha vikombe, au nyama ya chini ya gumba ikipungua, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda hospitali.

Hata hivyo sikubali jambo hili liachwe kwa askari mmojammoja. Langoni kwetu tuko watatu: mmoja anapepesa, mmoja anaandika kitabu cha wageni, mmoja anafungua kizuizi cha magari. Kubadilishana kila nusu saa kwenyewe hakugharimu hata shilingi. Tuliomba. Jibu lilikuwa kwamba kila mtu ana kituo chake kwenye ratiba, na ratiba imetoka ofisini. Tatizo ni kwamba wenzangu wawili ni wanaume, na ni mimi peke yangu wa kuwakagua wanawake, hilo nalikubali. Basi ajiriwe mwanamke wa pili. Kampuni za ulinzi zinamtoza mwenye jengo kwa kila kichwa, si kwamba zinatoa sadaka.

Na siku ya kununua detekta mpya, msichague mkiwa mmekaa ofisini. Leteni hapa langoni saa moja asubuhi, foleni ikiwa imefika barabarani, mnipe niishike saa nzima. Halafu mniulize kama mnunue.