Dau la Mnyonge Halilazimishwi Joshi

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Nahodha wa Lamu ama wa Vanga hahitaji kufasiriwa methali hii: chombo kikuukuu kikikazwa tanga kinyume cha upepo huweza kufika upesi, na huweza pia kuachana mbao kabla ya bandari. Leo twaipandisha methali hiyo bara, mpaka Silanga, ule mtaa wa Kibera ulio jirani na Bwawa la Nairobi, tukaipime juu ya chombo cha aina nyingine, nacho ni kompyuta kuukuu ya mezani.

Kibera si ugenini kwetu. Mahali hapo palianzwa na Wanubi Waislamu, askari wa King's African Rifles na jamaa zao, waliokaa pale tangu mwanzo wa karne ya 20 wakapaita Kibra, yaani msitu. Leo wajukuu wao wanaishi na watu wa kila kabila. Kijana wa huko anayetafuta riziki kwa kupiga chapa barua, kujaza fomu za serikali na kuwachapishia wanafunzi kazi zao, aghalabu hutumia mashine ya mtumba iliyokwisha fanya kazi miaka katika afisi fulani. Mashine ni nzito, mteja amesimama mlangoni, na mara husikika shauri: ikimbize prosesa! Maana yake, prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ilazimishwe kwenda mbio kupita kipimo ilichopewa kiwandani. Je, yafaa?

Wako wasemao huo ni uharibifu mtupu. Mimi siafikiani nao. Kiwanda huacha nafasi ya usalama, kama fundi wa jahazi atiavyo mbao nene kuliko zinazohitajiwa na bahari tulivu. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iliyoitwa Celeron 300A, ya mwendo wa megahezi 300. Wajuzi walibadilisha kipimo kimoja katika bodi yake, na nyingi zikaenda megahezi 450 bila matata. Ujuzi huu basi ni wa kweli, na mwenye mali ana haki ya kuitumia mali yake maadamu hamdhuru mtu.

Lakini mwendo una ushuru wake, nao ni joto. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, joto linalotoka katika prosesa huzidi karibu kiasi hicho hicho. Ukiongeza na volti kwa asilimia 10, jumla hufika kama asilimia 33, kwani ongezeko la volti huhesabiwa mara mbili. Sasa fikiri chumba cha mabati saa nane za mchana, feni imejaa vumbi, na umeme unapanda na kushuka!

Kwa hivyo atakaye kujaribu na aende kwa taratibu. Kwanza atazame kama njia ipo. Prosesa nyingi za Intel zilizotoka tangu 2011 zimefungwa, isipokuwa zile zenye herufi K mwisho wa jina, na mashine nyingi za afisini hazitoi ruhusa hiyo hata kidogo. Pili, anakili kazi zote mahali pengine. Tatu, apanguse vumbi, na abadilishe ule uji mzito unaopakwa baina ya prosesa na bati lake la kupoozea, kwani ukikauka joto halipiti. Nne, aongeze mwendo kidogo kidogo, megahezi 100 kwa mara moja, bila kugusa volti, na kila mara aifanyishe mashine kazi ngumu kwa saa kadhaa huku akichunga joto lisipite digrii 80. Ikizimika ama ikikosea hesabu, arudi nyuma hatua moja ama mbili, akome hapo.

Na mara nyingi atagundua, alipofika hatua ya tatu, kwamba dawa ameshaipata. Prosesa iliyopata joto sana hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Ikisafishwa hurudia mbio zake za asili. Akiongeza memori, na akiweka diski mpya isiyo na sahani za kuzunguka, atapata nafuu kubwa kuliko ya kuikaza prosesa.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa si kuungua kwa chombo. Prosesa iliyokazwa kupita kiasi huweza kukosea kimya kimya, ikaharibu faili bila mtu kujua. Barua ya kuombea kazi ya jirani na kazi ya mtoto wa shule ni amana, na mwenye duka hana ruhusa ya kuzichezea bahati nasibu. Anayetaka majaribio ayafanye kwa mashine yake ya pembeni, si kwa ile inayobeba haja za watu.

Kisha liko suala la kuuza. Katika miaka ya 1990 walitokea wafanyabiashara waliofuta alama za prosesa na kuziandika upya kwa mwendo wa juu, wakaziuza kwa bei ya juu. Sisi tunayo hukumu ya mambo haya tangu zamani. Twajua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake. Muuzaji alisingizia mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke ule unyevu juu, watu wakauona. Kadhalika mwenye kuuza kompyuta iliyokimbizwa na amwambie mnunuzi kipimo cha kiwandani, na kipimo alichokitia yeye, kisha bei ifuate.

Vijana wetu wa Silanga, na wenzao wa Mombasa na Malindi, wasikatazwe ujuzi. Wafunzwe adabu yake: kusafisha kabla ya kukaza, kupima kabla ya kuamini, na kusema kweli kabla ya kuuza. Dau la mnyonge likitunzwa hufika, hata lisipokwenda joshi.