TAHARIRI: MABOMBA YA MABANI TUBADILI LINI, NA KWA HELA GANI?



Kukausha kumekwisha, tumbaku iko sokoni. Basi tuliseme jambo ambalo kila mtu analijua: mabomba ya mabani yetu yamechoka. Yametoboka, yamezibwa kwa viraka vya debe na udongo, na majiko yanakula kuni kama hazina mwenyewe.

Wapo wanaosema tungoje, bado yanavuta. Sisi tunasema hapana. Tumbaku yetu ni ya mvuke, siyo ya moshi kama ile ya Songea. Jani linataka joto tupu: linaanza na nyuzi 35 hivi mpaka liwe njano, ndipo joto linapandishwa polepole hadi nyuzi 70 kukausha kikonyo. Ni kazi ya siku sita saba, usiku na mchana. Bomba likitoboka moshi unaingia bani, jani linanuka, na mteuzi haulizi sababu, anashusha daraja tu. Tena jani kavu likidondokea penye cheche, bani zima linakwenda na jasho la mwaka. Mwenyewe anabaki na deni la mbolea.

Na kuni je? Miombo iliyokuwa nyuma ya nyumba sasa inafuatwa kwa mkokoteni.

Sasa hela. Kuna wanaotaka tuongeze mabomba kwenye mkopo wa pembejeo. Jamani! Mkopo ule una riba, unakatwa kabla hujashika senti, na dhamana yake ni ya wote: mmoja akitorosha tumbaku usiku, sisi tuliobaki tunamlipia. Majirani zetu wa Urambo wanakumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 mpaka 1951. Mitambo ililetwa kwanza, hesabu ikafuata nyuma, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Wao walikuwa na serikali ya kuwafidia. Sisi tuna nani?

Tunapendekeza makato madogo kwa kila kilo, msimu huu huu, yawekwe akaunti ya peke yake wala yasichanganywe na ushuru wa chama. Tuseme shilingi 50: mwenye kilo 1,000 atatoa 50,000. Haitatosha mabani yote, tusidanganyane. Yaanze yaliyo mabovu zaidi, na kazi iishe kabla ya mvua za Novemba, maana matofali ya majiko hayakauki masika. Ubovu ukaguliwe bani kwa bani mbele ya wanachama. Mjumbe wa Bodi asitangulie kwa sababu tu ni mjumbe.

Kuna waliokwisha kubadili kwa fedha zao, nao wananung'unika: tukatwe tena kwa nini? Wana haki. Walete stakabadhi, wasikatwe mpaka kiasi walichotumia kiishe. Asiye na bani, anayekausha kwa mwenzake, naye akatwe, ila awe na zamu yake iliyoandikwa.

Mkutano Mkuu ujao kabla ya kunyoosha mikono, Mhasibu asome kwa sauti bei ya mabati kutoka maduka mawili ya Tabora mjini, siyo duka moja, na salio la akaunti ya chama lilivyo siku hiyo.