Daftari la Wiki: Kopo, Doti na Gunia la Kugawana

Sokoni Tabora mkaa huuzwa kwa kopo, dagaa wa Kigoma kwa fungu, mafuta ya kula kwa kipimo. Mtoto wa kata ya Isevya hutumwa dukani na chupa tupu, akarudi nayo ina mafuta ya kupikia usiku huo. Huko Ulaya siku hizi yanafunguliwa maduka ambayo mteja huenda na chombo chake ili kupunguza plastiki, na yanasifiwa kuwa ya kisasa. Mama zetu wamefanya hivyo maisha yao yote, na wanastahili sifa hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ila kipimo kidogo kina gharama yake. Jumlisha makopo yote yanayotoka katika gunia moja la mkaa, utaona kwamba anayenunua kila jioni amelipa zaidi ya jirani aliyetoa fedha ya gunia zima kwa mkupuo. Gesi nayo ni hivyo hivyo. Mtungi wa kilo 6 hulipiwa wote siku moja, na kibarua anayelipwa kwa siku hana fedha hiyo mkononi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, maana mkaa wetu ni miombo yetu. Lakini mita za kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, zilizokwisha kujaribiwa Dar es Salaam, ndizo zitakazomfikia mnunuzi wa kopo. Mahubiri hayatamfikia.

*

Enzi za misafara, nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia ya kutoka pwani kuja Tabora. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, mwaka 1857, chakula cha wapagazi kilinunuliwa kwa merikani, kaniki na shanga. Mikono minne ilikuwa shuka, shuka mbili zilikuwa doti. Kitambaa kilichofumwa Marekani kilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi kutoka pwani hadi hapa, na kingine kikaendelea hadi Ujiji. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya mabega ikapungua, ila nguo za mbali hazikukoma kuja.

Leo zinakuja kama mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikazizuia nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru. Tanzania ililegeza msimamo. Natamani pamba ya kanda yetu ya magharibi ishonwe hapa hapa nchini, lakini sitamlaumu mzazi anayemvalisha mtoto shati la belo. Namwomba tu alikague: avute mshono, ainue kitambaa kwenye mwanga, atazame kwapa na kola. Kisha ampelekee fundi cherehani alipunguze. Shati la pamba lililorekebishwa vizuri huvaliwa na kaka, kisha mdogo wake akalirithi. Na katambuga za tairi bado zinashinda viatu vingi vipya vya plastiki kwa kudumu.

*

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu muuza asali. Aliitikia, akanionyesha chupa za bia alizoziosha na kuzijaza. Nilimuuliza asali imetoka kwenye mzinga gani. Swali hilo halina gharama, nami nataka wanunuzi wote walizoee. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuubandua mti gome lake kuuzunguka, na mti huo hufa. Mzinga wa mbao hutumika miaka mingi, na mti unaochanua unabaki porini ukiwalisha nyuki. Mjini kwetu kuna chuo cha ufugaji nyuki; wanunuzi wakiuliza, elimu yake itafika sokoni haraka zaidi.

*

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mifuko mbadala tunayopewa sasa, ile inayofanana na kitambaa, mingi nayo ni plastiki, na huchanika upesi. Kikapu cha ukindu kinatosha.

*

Sasa la gunia. Mahindi huwa rahisi baada ya mavuno na hupanda kadiri msimu wa mvua unavyokaribia. Mwenye kipato kidogo hukosa bei nzuri kwa sababu hana fedha ya gunia, wala hana pa kuliweka lisiliwe na dumuzi. Yote mawili yana dawa. Kaya nne zikichanga kupitia kikoba chao, gunia linapatikana. Na mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya mfuko wa nje, ikifungwa vizuri huwanyima wadudu hewa, wakafa bila dawa yoyote ya sumu. Mfuko huo hutumika tena msimu unaofuata ukitunzwa usitoboke. Michembe ya viazi vitamu nayo huwekwa miezi mingi ikikauka sawasawa.

Sharti langu ni moja: msinunue lumbesa. Kile kilima kilichoshonewa juu ya gunia ni jasho la mkulima lisilolipwa, na unafuu huo si wa haki. Kaeni na majirani kabla ya mavuno, pangeni nani atachanga kiasi gani na gunia litakaa kwa nani, kisha mkanunue kwa mizani.