Msaada Usioombwa ni Mzigo

Kila mwaka kuanzia Juni, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofungwa, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hupokea vijana wanaokuja kujitolea katika shule, zahanati na vituo vya watoto yatima vya Moshi na Arusha. Wengi huja na begi la pili lililojaa msaada: fulana kuukuu, wanasesere, peremende, hata dawa zilizobaki kabatini kwao. Nia yao ni njema, sibishi. Lakini nia njema haitibu mgonjwa, na tumechoka kubebeshwa vitu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Nguo za nini? Moshi ina soko la Memorial, mitumba imejaa tele. Hatuna uhaba wa fulana. Tuna uhaba wa kazi kwa fundi cherehani, ambaye angelipwa kuwashonea sare watoto haohao. Anayegawa nguo bure mlangoni pa shule anamnyang'anya fundi huyo mteja, kisha anapiga picha.

Dawa ni hatari zaidi. Wakati wa vita vya Bosnia na mara baada yake, kati ya 1992 na 1996, nchi ile ilirundikiwa dawa zisizofaa zinazokadiriwa kufikia tani 17,000. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Aceh nchini Indonesia ilipokea takriban tani 4,000 za dawa, nyingi zikiwa na maandishi ya lugha ambayo wahudumu wa pale hawakuielewa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tangu 1996: dawa itolewe kwa mahitaji ya anayepokea, ibakize walau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na iliyorudishwa na mgonjwa isipewe mtu mwingine. Mwongozo huo una umri mkubwa kuliko wengi wa vijana wanaoshuka na mabegi hayo. Kwa nini hawausomi kabla ya kufunga zipu?

Na vifaa je? Umeme wetu ni volti 230, wa Marekani ni 120. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa kule pekee, ukiichomeka hapa bila transfoma, inaungua. Kipima sukari ambacho vipande vyake vya kupimia haviuzwi mjini kitakuwa takataka siku pakiti ya kwanza itakapokwisha. Vitabu vya hadithi vya Kiingereza vinapelekwa shule ya msingi ya serikali, ambako watoto wanasoma kwa Kiswahili. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Basi ulizeni! Mpigieni simu mwalimu mkuu au mganga mfawidhi: mwezi uliopita kiliisha nini? Mashine iliyoharibika ni ya aina gani, na fundi anataka kipuri chenye namba ipi? Kipuri hicho, kama hakipatikani nchini, ndicho cha kubeba. Chaki, madaftari, sabuni, glovu na pedi za wasichana vinauzwa hapahapa. Njooni na fedha, mnunue kwa wafanyabiashara wetu, mdai risiti.

Lakini lawama nyingine ni yetu wenyewe. Tunapokea kila boksi kwa tabasamu na nyimbo za watoto, kisha tunalifungia stoo hadi panya walitoboe. Mgeni anarudi kwao akiamini ametusaidia, na mwakani anawatuma wenzake na maboksi kama yaleyale. Hiyo si adabu, ni kumdanganya mgeni na kuwaumiza wanaotutegemea. Kila shule na kila zahanati inayopokea wageni iandike orodha ya mahitaji yake, iitume kabla tiketi haijakatwa, na iongeze orodha ya pili: visivyohitajika. Mganga anayesema "dawa hizi sizipokei" hajamvunjia mgeni heshima. Amemlinda mgonjwa wake, na hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.